Nauli na mshauri ndivyo vinavyombakiza mwanafunzi chuoni

Mhariri,

Taarifa yenu kuhusu wanafunzi wanaoacha vyuo vya jamii nchini Marekani, yaani vyuo vya umma vya miaka miwili, imeelemea mno kwenye karo. Wengi hupotea mwaka wa kwanza, tena kwa mambo yanayoonekana madogo: nauli, kitabu, au hisabati ya msingi iliyoahirishwa muhula baada ya muhula hadi ikawa ukuta.

Chuo Kikuu cha Jiji la New York kilianzisha mwaka 2007 mpango wa ASAP, wa kuwasaidia wanafunzi wa vyuo vyake vya jamii kuhitimu mapema. Mwanafunzi husoma kwa muda wote, masomo ya msingi huyamaliza mapema, na hupewa vitabu na kadi ya usafiri. Kadi hiyo haiji bure. Sharti ashiriki mpango, ikiwemo kuonana na mshauri wake. Mpango ulipofanyiwa utafiti, mshauri naye alihudumia wanafunzi 60 hadi 80, wala si mamia. Utafiti huo wa MDRC, taasisi ya Marekani inayopima mipango ya kijamii, ulionyesha asilimia 40 walihitimu ndani ya miaka 3, dhidi ya asilimia 22 ya wenzao waliokuwa nje ya mpango. Gharama kwa mwanafunzi ilipanda, ila kwa kila mhitimu ilishuka.

Chuo chenye bajeti finyu kiajiri washauri kwanza, majengo yasubiri.

Msomaji wenu