Mkituelekeza njia za hifadhi ya pwani, tutajieni na upepo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi nizungumzie maelekezo ya safari za baiskeli mnayotuchapishia, hasa yale ya barabara za lami zinazokatiza hifadhi za pwani na mashamba yaliyopakana nazo. Nimeyafuata kwa miaka mingi. Huyakata gazetini nikayatia mfuko wa nyuma wa jezi, na nawashukuru kwayo. Ila kila nikiyasoma nakuta mambo yale yale matatu: urefu wa njia, jumla ya miinuko, na alama ya ugumu. Njia ya pwani, kwa kuwa haina mlima, hupewa alama ya "rahisi". Hapo ndipo mnapowapoteza watu.

Mlima wa pwani ni upepo. Mtu anayekwenda kilomita 25 kwa saa siku ya shwari hupasua hewa kwa kasi hiyo hiyo. Upepo wa mbele wa kilomita 20 kwa saa ukivuma, kifua chake hupigwa na hewa ya kilomita 45, na kwa kuwa ukinzani wa hewa hukua kwa mraba wa kasi, akitaka kushikilia mwendo wake itambidi atoe nguvu zaidi ya mara tatu dhidi ya hewa hiyo. Wengi hujifariji kwamba upepo uliowasukuma wakati wa kwenda utakuwa umewafidia. Haufidii. Ukienda kilomita 30 kwa mwendo wa 36 utatumia dakika 50. Ukirudi kwa mwendo wa 18 utatumia saa 1 na dakika 40. Upepo unaosukumana nao unakaa nao mara mbili ya muda wa ule uliokubeba.

Na upepo huu una saa zake, kwa hiyo hakuna sababu ya kutouandika. Jua likipanda, nchi kavu hupata moto upesi kuliko bahari, hewa ya juu ya ardhi hupaa, na ile ya baharini huja kuijaza nafasi. Kwa kawaida huanza kuvuma asubuhi ikishakomaa, hupata nguvu alasiri, na hulegea jua likitua. Anayetoka alfajiri hukuta barabara ya hifadhi imetulia kama maji ya mtungini. Anayerudi kwa barabara hiyo hiyo saa tisa za mchana hukuta barabara nyingine kabisa.

Tuliipita njia moja ya namna hiyo tukiwa wanne, mmoja wetu akiwa ndiyo kwanza amenunua baiskeli ya mbio. Alikuja kwa ajili ya neno "rahisi". Wakati wa kurudi upepo ulitoka ubavuni, na hapo kujificha nyuma ya mwenzako hakusaidii sana. Kivuli cha upepo huangukia pembeni, kwa hiyo inabidi mjipange mshazari, mmoja akichungulia begani mwa mwingine. Mshazari unataka upana. Barabara ya hifadhi ni nyembamba, ina maji kulia na kushoto, na magari ya watalii yanapita. Nafasi ya kujificha ilitosha watu wawili, na mgeni wetu alibaki ukingoni mwa lami akila upepo mzima peke yake, gurudumu la mbele likiyumba kila gari lilipompita na kuukata upepo ghafla. Alifika salama. Baiskeli ile hajaipanda tena, na mimi najilaumu kwa kumwamini mwandishi badala ya kuangalia bendera za mashua.

Asiyeamini auangalie mji wa Cape Town. Mashindano yao ya baiskeli ya kila mwaka yalianza 1978, njia yake ina kilomita 109 kuizunguka rasi, na huwavuta maelfu kwa maelfu. Mwaka 2017 yalivunjwa asubuhi ya siku yenyewe kwa sababu ya upepo, watu wakizing'ang'ania baiskeli zao zisipeperushwe. Kama waandaaji wenye uzoefu wa miaka yote hiyo waliusujudia upepo, sisi wa Jumamosi asubuhi tusifichwe habari zake.

Kuhusu mchanga nitasema kwa ufupi. Hukusanyika barabarani palipo na pengo kati ya matuta ya mchanga ya ufukweni, aghalabu pale watu wanaposhukia ufukweni. Tairi jembamba likiuingia, usipige breki wala usikate kona. Acha pedali zizunguke polepole, usukani unyooke. Chumvi nayo hula mnyororo kimyakimya, kwa hiyo baiskeli ioshwe kwa maji yasiyo na chumvi siku hiyo hiyo na mnyororo utiwe mafuta ukishakauka. Kisha yapo maji yenyewe: wakati wa bamvua, yaani bahari inapojaa kupita kawaida, mwezi ukiwa mwandamo au mpevu, barabara za chini zinazopita kando ya mikoko na vinamasi huweza kufunikwa na maji ya bahari. Tarehe hizo zinajulikana mwaka mzima kabla.

Lakini lililonifanya nishike kalamu ni ndege.

Mwaka mmoja nilisimama ndani ya hifadhi kunywa maji. Nikailaza baiskeli kwenye changarawe, hatua tatu tu kutoka kwenye lami. Ndege mdogo wa ufukweni, kiulimazi, akatokea mbele yangu akiburura bawa kama limevunjika. Nilimhurumia, nikamfuata. Alijikokota, akasimama, akajikokota tena. Askari wa hifadhi aliyekuwa akija kwa miguu akaniita kwa sauti ya chini: "Usisogeze mguu, ndugu. Tazama nyuma ya tairi lako." Nilitazama mara mbili ndipo nikaona. Mayai matatu, rangi ya mchanga na madoa meusi, ndani ya kijishimo kisicho na jani wala unyoya, shubiri moja kutoka kwenye gurudumu. Bawa la yule ndege lilikuwa zima. Alikuwa akinivuta nitoke pale.

Askari alinieleza mambo ambayo ningepaswa kuyasoma kabla sijafunga viatu. Viulimazi na buabua hutaga chini, mahali peupe, na kinga ya yai ni kufanana na kokoto. Mzazi akifukuzwa, jua kali hulichemsha yai kwa muda mfupi, au shakwe hulinyakua. Tena baiskeli inayopita kwa mwendo wa sawasawa kwenye lami huwasumbua ndege hao kidogo. Anayewatia hofu ni anayesimama, akashuka, akaanza kutembea kuelekea matutani. Yaani madhara yote niliyokaribia kuyafanya yalikuwa ndani ya hatua tatu zile.

Najua jibu moja mtakalonipa, kwamba mkitangaza habari za viota mtawaita wezi wa mayai na wenye kamera. Ni hofu ya haki, nami siombi mchapishe mahali pa viota. Naomba mchapishe miezi ya kuatamia na sehemu za barabara ambazo miezi hiyo hairuhusiwi kusimama. Hifadhi nyingi hubandika haya kwenye lango. Ila mwendesha baiskeli hafiki langoni na akili tupu. Amefika na karatasi yenu, amekwisha amua apumzike wapi.

Wala sitaki baiskeli zifukuzwe kwenye hifadhi. Pale Camargue, kusini mwa Ufaransa, liko tuta la kuzuia bahari linalopita ukingoni mwa hifadhi iliyoanzishwa 1927, mabwawa upande mmoja na bahari upande wa pili. Magari hayaruhusiwi juu yake. Baiskeli na watembea kwa miguu wanaruhusiwa. Heroe wanaonekana kutoka kwenye tandiko. Sehemu zake zina mchanga na mawe, hazifai tairi jembamba, na mistrali, ule upepo mkali wa kutoka kaskazini, unajulikana kwa kila anayepita pale. Nionavyo mimi, hifadhi inayoruhusu gari na kuikataa baiskeli imekosea, na ningependa gazeti lenu liseme hivyo waziwazi.

Mashamba nayo mnayapita kwa sentensi moja, na ndiyo nusu bora ya njia. Vijia vya mashambani vina miti, vichaka na kingo za udongo zinazovunja upepo, kwa hiyo ndivyo vya kurudia mchana. Vina matrekta yanayomwaga matope konani, na ng'ombe wanaovushwa asubuhi na jioni. Hapo mtu hushuka, akangoja, akamsalimu mchungaji. Hamchoki kuandika "endelea moja kwa moja hadi njia panda". Andikeni kilichopo kabla ya njia panda.

Napendekeza, basi, kila elekezo la njia ya pwani libebe maneno kama haya, mkijaza nafasi kwa kumuuliza askari wa hifadhi husika: "Ingia hifadhini mapema asubuhi, upepo wa bahari haujaamka, rudi kwa vijia vya mashambani. Mwezi fulani hadi mwezi fulani ndege wanaatamia: kati ya daraja na mnara usisimame, usishuke kwenye lami. Siku za bamvua barabara ya kinamasini hufunikwa. Tazama jedwali la maji kujaa na kupwa kabla ya kutoka. Tairi lenye upana wa milimita 28 au zaidi. Ugumu: rahisi bila upepo, mgumu alasiri."

Ni mimi msomaji wenu,
Mwendesha Baiskeli