Risala ya Kikundi cha Vijana Wakulima na Wafugaji, Mkoa wa Lindi, kwa Mgeni Rasmi

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, viongozi wa kata na kijiji, wazee wetu, mabibi na mabwana. Asalaam aleykum, Tumsifu Yesu Kristo.

Awali ya yote tunakushukuru kwa kukubali mwaliko wetu, na zaidi kwa kufika. Wapo waliokubali tu.

Kikundi kilianza mwaka 2019. Mafanikio ni makubwa mno: stoo ya ufuta imefika usawa wa madirisha, tuna mizinga 20 (mitatu tayari ina nyuki), na akaunti ya benki imefunguliwa.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kila mwaka tunaaswa tusikimbilie Dar es Salaam. Nasaha tunazipokea. Ila sensa za 2012 na 2022 zinaonesha Dar es Salaam iliongezeka kutoka watu 4,364,541 hadi 5,383,728, kama asilimia 23, na Lindi kutoka 864,652 hadi 1,194,028, asilimia 38. Wafugaji walioondolewa bonde la Ihefu, Mbeya, mwaka 2006 na 2007 walielekezwa Pwani na Lindi, na ndugu zao wakafuata. Ardhi ipo, bado tuko watu kama 18 kwa kilometa ya mraba. Watu walipangiwa pa kwenda, maji hayakupangiwa. Leo ndoo na ng'ombe wanagombea dimbwi moja, na ufuta ukishauzwa vijana wanapanda basi, maana kiangazi hakuna hata tuta la mchicha la kumwagilia.

Ombi letu ni moja. Kisima kirefu kilichimbwa mwaka 2020, kikafungwa kifuniko cha chuma hadi leo. Kwa unyenyekevu tunaomba isiletwe pampu kwanza. Kisima kilichokaa hivyo hujaa mchanga chini, kwa hiyo kipulizwe kwa kompresa mpaka maji yatoke meupe, kisha kipimwe saa 24 kwa wingi wa maji na chumvi. Pampu ikivuta kuliko kisima kinavyojaza, itabaki kavu na kuungua, na lawama itakuwa ya wanakijiji.

Wachimbaji walikadiria lita 4,000 kwa saa. Jua zuri likiwaka kwa muda wa saa sita, pampu ya sola itatoa lita 24,000 kwa siku. Watu 600 wa kitongoji, kwa lita 25 kila mmoja kwa siku kama Sera ya Maji ya 2002 ilivyotaka, wanachukua 15,000. Zinazobaki 9,000 zinatosha ng'ombe 300 kwa lita 30. (Ng'ombe ni zaidi, lambo tutaliomba mwakani.) Kipimo kikikubali, tunahitaji pampu ya sola, tangi la lita 10,000 kwenye mnara, magati (vituo vya kuchotea maji) matatu, na birika la mifugo liwe upande wa bondeni, mbali na magati, kinyesi kisirudi kisimani. Mitaro tutachimba wenyewe.

Ahadi za 2021 na 2023 zimo kwenye kitabu cha wageni, zimesainiwa. Hatuzitaji kwa lawama. Tunaomba tu utakapojibu, utaje na tarehe ya kompresa kufika. Chakula kitaandaliwa mara baada ya majibu yako.

Naomba kuwasilisha.