Mafunzo ya uzamili ya ustawi wa jamii yafuate msimu wa korosho

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwafikie watu wa aina mbili: wanaopanga ratiba za vyuo vikuu, na wakurugenzi wa halmashauri za mikoa ya Mtwara na Lindi. Ninafundisha wanafunzi wa shahada ya uzamili ya ustawi wa jamii. Kabla ya kuingia chuoni nilikuwa afisa ustawi, Newala kwanza na baadaye Tandahimba, na bado naishi huku huku Kusini.

Ombi langu ni moja. Wanafunzi hawa waende kwenye mafunzo kwa vitendo, ambayo wenyewe huyaita fildi, kuanzia Oktoba hadi Januari, badala ya Julai hadi Septemba kama inavyofanyika sasa kwenye chuo ninachofundisha. Na wakiwa huko, wawe na mtu wa kukaa nao juu ya kesi zao, si wa kuwagongea muhuri tu.

Kwa mtu asiyeijua korosho hili litaonekana jambo dogo la kalenda. Nenda Kitangari mwezi Julai, au Mahuta, au pita vijiji vya Nanyamba saa nne asubuhi. Utawakuta wazee na watoto wadogo. Wengine wako mashambani wanapuliza salfa, dawa ya mikorosho, na familia nyingi zimehamia kwenye vibanda vya huko huko. Ofisi ya ustawi nayo imepoa. Mwanafunzi anakaa kwenye benchi, anapanga majalada, anamsindikiza afisa kwenye semina, kitabu chake kinagongwa muhuri, anarudi chuo. Vitabu hivyo nimevisoma vingi. Wiki hadi wiki vimejaa "nilihudhuria", "nilishiriki", "nilielekezwa". Hakuna mtu ndani yake. Mtu anahitimu shahada ya juu ya kazi ya watu, na kitabu chake cha kazi hakina mtu.

Njoo Oktoba sasa. Minada inafunguliwa, vyama vya msingi vya ushirika vinasomba korosho kwenda maghala makuu. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambapo mkulima hupewa stakabadhi na korosho zake husubiri mnada ghalani, uanze kutumika kwenye zao hili mwaka 2007, hela huja kwa mkupuo na hupita benki. Akaunti ina jina moja, na kwa ninavyoona ofisi hadi ofisi, jina hilo mara nyingi ni la mume, hata kama shamba wamelipalilia wote wawili na watoto wameokota nao. Hapo ndipo benchi la ustawi linapojaa. Mama mwenye mtoto mgongoni anadai matunzo. Baba anauliza kama kuna njia ya kupima vinasaba. Mtendaji wa kijiji ameandika barua kuhusu mtoto aliyeacha shule akaokote korosho kwa watu. Dawati la Jinsia na Watoto la polisi nalo linaleta watu wake.

Kuna kesi moja ya hapa kwetu ambayo kila mwaka naitamani kila mwanafunzi aione kwa macho. Ni ya mwanamke anayepewa talaka mikorosho ikiwa inachanua. Talaka imetoka Julai, eda inaisha mnada wa kwanza haujafika. Mume kisheria anajiona amemaliza. Mwanamke anakuja ofisini Novemba, akishasikia bei imetangazwa, na anakuja na kitu kimoja tu mkononi, nacho ni jembe lake la mwaka huo ambalo haliwezi kutoa ushahidi. Wanafunzi wangu sheria wanazijua. Watakutajia Sheria ya Ndoa ya 1971 na mabaraza yake ya usuluhishi. Watakutajia kesi ya Bi. Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu ya mwaka 1983, ambamo Mahakama ya Rufani ilitamka kwamba kazi za nyumbani nazo ni mchango katika mali ya ndoa. Mtihani wanaufaulu. Lakini kumkalisha huyu mama, kumsikiliza hadi mwisho, kujua kama anataka hela, au kurudi, au kusikilizwa mbele ya ukoo wake tu, hayo hayako kwenye mtihani, na mwezi Julai mama huyo hayupo ofisini.

Nieleze kidogo ninavyofundisha, maana ndiko hoja yangu ilikotoka. Kila mwanafunzi namtaka aandike mazungumzo yake na mteja neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka. Upande mmoja wa karatasi anaandika yaliyosemwa, upande wa pili aliyokuwa akiyawaza na kuyahisi wakati ule. Wengi wao ni watumishi wa miaka mingi, na mwanzoni zoezi hili huwachukiza. Wamezoea ripoti ya nusu ukurasa: jina, umri, tatizo, ushauri uliotolewa.

Mwanafunzi mmoja, afisa mzuri na mchapakazi, alileta mazungumzo yake na bibi aliyekuja ofisini na mjukuu. (Mambo ya kumtambulisha nimeyabadilisha.) Swali la kwanza, jina la baba wa mtoto. La pili, la mama. La tatu, tarehe ya kuzaliwa. Kisha bibi anasema: "Mwanangu, mimi nimekuja nikae hapa kidogo, nimechoka." Mstari unaofuata ni swali la nne: kijiji na kitongoji. Tuliusoma mstari ule darasani kwa sauti. Mwenzake aliyekaa nyuma akasema, "Huyu bibi hataki kurudi nyumbani." Mwanafunzi akarudi kijijini. Akakuta bibi ana mikorosho yake mwenyewe, na hela ya msimu mzima imechukuliwa na mwanawe aliyemsimamia kufungua akaunti. Mjukuu hakuwa na shida yoyote siku ile. Alikuwa amemshika bibi mkono njiani.

Kesi hii ilipatikana kwa sababu mwanafunzi yule, kwa bahati, aliugua akachelewa fildi, akaenda Novemba. Wenzake wa Julai hawakuwa na karatasi ya namna ile hata moja.

Tena yapo mambo ambayo kitabu cha kigeni hakikuyawekea nafasi. Tunawafundisha wanafunzi kuchora familia ya mteja: mraba ni mwanamume, duara ni mwanamke, mistari inaonyesha nani na nani. Wanachora baba, mama, watoto, basi. Nami huuliza, "Mjomba yuko wapi?" Najibiwa, "Mjomba hakai nyumba hiyo, mwalimu." Mtu anayezungumza hivi ni Mmakonde, au Mmwera, au Mmakua, aliyezaliwa kwenye ukoo unaohesabiwa kwa mama, na anajua fika kwamba binti hachezwi unyago bila kauli ya mjomba. Akishashika kalamu ya chuo anamsahau. Sheria ya Mtoto ya 2009 inairuhusu mahakama imwagize afisa ustawi aandike ripoti ya uchunguzi wa kijamii kabla ya kuamua suala la matunzo. Ripoti isiyomtaja mjomba, huku kwetu, ni ripoti ya nyumba nyingine. Na mjomba huyo, na nyakanga anayesimamia unyago pia, unawapata kwa urahisi likizo ya Desemba, wakati korosho zimeuzwa na sherehe zinapangwa. Mwanafunzi akiwapo wakati huo ataweza kuzungumza nao juu ya umri wa mwali na juu ya shule, mapema, kabla shauri halijafika Dawati.

Msimu wa 2018 nao ulitufundisha. Serikali ilitangaza kununua korosho kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na kwa wakulima wengi malipo yalichelewa kufika. Mashauri ya matunzo yaliyokuja miezi ile yalikuwa na sura nyingine kabisa. Alikuja baba aliyekubali mbele ya ofisi, akatia saini, na hana cha kutoa. Kumtofautisha huyo na anayeficha ni kazi ya kutembea hadi kwake, kumwuliza jirani, kuiona stakabadhi. Hakuna mhadhara utakaoifundisha.

Wala si wazo jipya. Jane Addams na Ellen Gates Starr walipofungua Hull House kule Chicago mwaka 1889, walihamia wakaishi katikati ya wahamiaji maskini, wakajifunza shida zao kwa ujirani. Mafunzo rasmi ya fani hii Marekani yalianza New York mwaka 1898 kama kozi ya wiki 6 za kiangazi, na kufikia 1904 yalikuwa yamekuwa ya mwaka mzima. Sisi tumeipokea fani na vitabu vyake, kisha tukawapeleka wanafunzi kwa watu wakati watu hawapo.

Najua pingamizi litakalotolewa, maana nimelisikia kikaoni. Wahadhiri wa kukagua fildi wengi hutoka Dar es Salaam, na kutoka huko hadi Mtwara ni kilomita zipatazo 560. Miezi ya kiangazi barabara ni salama, mvua zikianza mambo hubadilika. Ni kweli. Mei 2024, baada ya Kimbunga Hidaya, mafuriko yalikata barabara ya Lindi hadi Dar es Salaam eneo la Somanga, mabasi yakakwama. Lakini ukaguzi wa mhadhiri anayefika mara moja, akanywa chai na mwenyeji, akasaini na kuondoka kabla jua halijazama, haukuwa usimamizi hata barabara ikiwa kavu. Wapo maafisa ustawi wastaafu Masasi, Nachingwea, Lindi mjini. Wapo masista na watumishi wa ustawi kwenye hospitali za Ndanda na Nyangao ambao wameona mengi kuliko sisi wa darasani. Mmoja wao akikaa na wanafunzi watatu kila Ijumaa alasiri, akasoma karatasi zao, akauliza "hapa kwa nini ulinyamaza?", hiyo ni elimu ya uzamili. Alipwe. Chuo kinalipa posho na mafuta ya gari kutoka mbali, na fedha hiyo ingewatosha watu hawa.

Kwa wakurugenzi nasema hivi. Mkimpa afisa ruhusa ya kusoma kisha mkamwita kila wiki kwa ajili ya ripoti na vikao, mmempa barua tu, ruhusa hamkutoa. Na msihofu kupokea wanafunzi msimu ambao ofisi zimezidiwa. Hawa ni watumishi wazoefu, mkono wa ziada katika miezi ambayo afisa mmoja anasikiliza mashauri hadi jioni na wengine anawaambia warudi kesho. Wapo wanaosema uzamili wa ustawi ni wa kutafutia cheo. Wakimwona mwanafunzi wa uzamili akitoka Mchichira jioni na daftari limejaa, hawatasema hivyo.

Ianze halmashauri moja hata kwa majaribio, na chuo kimoja. Fomu za fildi zibadilishwe ziwe na nafasi ya mazungumzo, zisiwe za mahudhurio peke yake. Barua za ruhusa zikitoka Agosti, wanafunzi wa mwaka huu wanaweza kuwa Tandahimba mnada wa kwanza utakapofunguliwa.

Mwalimu wa ustawi wa jamii,
Chuno, Mtwara