Lile yai la siku ile

Mwenzangu,

Salamu nyingi. Huku wote wazima, mama anakuulizia kila siku. Wiki ya tatu hii hatujasemezana, na mimi nimeshindwa kuvumilia.

Nisamehe kwa kukupazia sauti. Nilipovunja lile yai na kwenye kiini kukaonekana tone la damu, dogo kama kichwa cha pini, ukageuza uso ukasema, "Hiyo ni nyama, nami nyama nimeacha." Nilikupikia kwa moyo wote, ikaniuma. Sikuwa na jibu, ndiyo maana nikafoka.

Tangu hapo nauliza na kusoma. Lile tone si kifaranga. Ni kijishipa cha damu kilichopasuka ndani ya kuku wakati yai likitengenezwa. Tetea hutaga hata bila jogoo, na yai la namna hiyo hata likiatamiwa siku zote 21 halitoi kitu. Kwa hiyo bado nasema yai si nyama. Hata kile chama cha wasiokula nyama kilichoanzishwa Uingereza mwaka 1847 kinawahesabu wala mayai kuwa wenzao. Ila India hutawashawishi: huko chakula cha paketi chenye yai hakipewi alama ya kijani, kinawekwa kundi moja na nyama.

Lakini nimegundua kitu kimoja: sikukuuliza kwa nini umeacha nyama. Kama ni kwa sababu hutaki kiumbe achinjwe, nilidhani yai halina kesi. Kumbe vifaranga wa kiume wa kuku wa mayai huuawa siku ile ile wanapoanguliwa, kwa kuwa hawatagi na hawanenepi upesi. Ujerumani wamepiga marufuku jambo hilo tangu mwanzo wa 2022, kwingine kwingi linaendelea. Hilo limenikosesha usingizi. Ukiniambia ndilo lililokutoa kwenye mayai, sina neno.

Hofu yangu ni vitamini B12. Protini haina shida, yai kubwa lina gramu kama 6 tu, maharage yatakupa. Lakini B12 haimo kwenye mboga za kawaida, na akiba iliyo kwenye ini huweza kuchukua miaka kuisha, mtu akajiona mzima kumbe inapungua. Ikiisha, damu hupungua, vidole hufa ganzi. Ule usile yai, hilo ni lako, ila usiache hili lipite.

Sasa niambie: maziwa nayo umeacha, au ni mayai tu? Unameza vidonge vya B12? Dada yako anajua, au naye mmegombana? Na lile tone ndilo lililokukinaisha, au ulikuwa umeshaamua kabla sijawasha jiko?

Jumapili utakuja? Nitapika bila yai.

Wako yule yule