Kabla ya kupanda, yaulizeni maji
Barua ya wazi kwa vijana wapanda mikoko wa Kwale

Wajukuu zangu,

Asalaam aleikum. Jumamosi niliwaona mkipita na miche mabegani, viatu mkononi, mnaimba. Moyo wangu ulifurahi. Kisha nikaona mnakoelekea: ule mchanga mtupu unaotazamana na bahari kuu. Nimeona niandike, maana maneno ya njiani hayakai.

Mimi nilikuwa mkata boriti. Mikoko niliijua kwa shoka kabla ya kuijua kwa kitalu: fito, pau, mazio, boriti, nguzo, kila unene na bei yake. Miaka ya 70 msitu wa Gazi ulikatwa sana kuwa kuni za viwandani, na pako mahali palibaki peupe miaka na miaka. Watafiti wa bahari walipoanza kupanda hapo mapema miaka ya 90, mimi nilidhani wanapoteza wakati. Leo mnapita chini ya kivuli cha miti ile. Tangu 2013 mradi wa wanakijiji uitwao Mikoko Pamoja unatunza hekta 117 na kuuza hewa ya ukaa inayohifadhiwa na miti, na fedha zinarudi Gazi na Makongeni kwa maji na kwa shule. Kwa hiyo siwaambii msipande. Nawaambia msipande kama nilivyopanda mimi.

Nilipoacha shoka nilijiunga na kikundi. Akaja mfadhili, akataka hesabu ya miche na picha. Tukachomeka aina moja tu, ule uitwao mkoko wenyewe, kwenye mchanga wazi, mistari imenyooka kama ya mahindi. Kusi likavuma, likapita. Niliporudi, vijiti vichache vilivyosalia vilikuwa vimevaa magamba ya bahari toka chini hadi juu, vimeelemewa, vimeinama. Nilishika kimoja, kikatoka bila kuvutwa. Chini hakikuwa na hata uzi mmoja wa mzizi.

Pale mbele ni pa mlilana, aina nyingine ya mikoko, wajukuu zangu. Ndio unaostahimili mawimbi, na mafundi wa majahazi walikuwa wakiutafuta kwa mataruma, mbavu za chombo. Mkoko unataka tope laini nyuma yake, maji yanapoingia na kutoka kila siku. Mkandaa uko juu zaidi, na mchu unavumilia hata kule kwenye chumvi kali ambako bahari hufika wakati wa bamvua tu, yale maji makubwa ya mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Mkoko tunaupenda kwa sababu mbegu yake ni ndefu, rahisi kuokota na rahisi kuchomeka. Urahisi huo ndio uliotuponza. Na hata mbegu hiyo msiichume mbichi: ngojeni ukosi wa manjano utokeze pale inapokutana na kofia yake.

Jambo la pili, na hili nalishikilia zaidi. Mkikuta mahali mikoko imekufa, msikimbilie miche. Ulizeni kwanza imeuawa na nini. Mvua za El Niño za 1997 na 1998 zilishusha tope jingi kule Mwache, Mombasa, likafunika mizizi ya kupumulia, na miti ikafa imesimama bila kuguswa na panga. Ukipanda juu ya tope kama lile unazika tu. Pengine utakuta barabara imeziba mkondo. Fungueni mkondo, bahari ilete mbegu yenyewe. Nimeona miche ikiota hivyo bila mkono wa mtu, kila mmoja mahali pake. Najua mfadhili hapigi picha ya mtaro uliozibuliwa. Mwelezeni kwa adabu, na akikataa, mwacheni aende.

Na watoto wa shule mnaowaleta, msiwasimamishe juani kuwasomea karatasi. Akina mama wa Gazi wanawapitisha wageni juu ya daraja lao la mbao katikati ya msitu, na ni kazi njema, lakini mtoto wa hapa ashuke topeni. Mpeni jani la mchu alilambe, aone chumvi imetoka wapi. Aguse vidole vya mlilana vinavyochomoza topeni, mwambieni ni pua za mti. Amtazame kaa akiburuta mbegu shimoni, naye ajue kwa nini nyingine haziwahi kuota. Mwulizeni majina: mkoko, mchu, muia, mkandaa, mlilana, mkomafi, kikandaa, msikundazi. Wajukuu wangu mwenyewe wanaiita yote mikoko, na kosa hilo ni langu, kwa kuwa niliwapeleka madrasa na shule lakini sikuwapeleka kwenye mkondo wa bahari.

Mwezi ukiandama tu, maji yatakupwa sana kwenye saa nne asubuhi. Nitakuwa pale kwenye mchanga wenu na fimbo yangu. Njooni bila miche. Tutatembea kutoka ukingo wa bahari hadi kwenye michu ya juu, na kila penye nafasi mtaniambia ninyi panataka mti gani.

Babu yenu, mkata boriti wa zamani