Nilitoka kabla ya king'ora

Bangor, Maine
12 Machi 2022

Kwako Somo,

Assalam aleykum. Huku tu wazima, ila theluji haijaambiwa kuwa Machi imeingia. Natumai shemeji na watoto hawajambo, na bibi magoti yamempa nafuu.

Ramadhani inabisha hodi na sitaki kuingia mfungo na jambo hili kifuani. Mgosi, nimevunja mwiko. Jioni moja Januari nilitoka Alfond Arena, uwanja wa timu yetu ya hoki ya barafu ya Chuo Kikuu cha Maine, wakati dakika kumi na moja za kipindi cha tatu, cha mwisho, bado zipo kwenye saa. Nilimshika mwanangu mkono, nikashuka ngazi, nikatoka. Kwenye maegesho nikajifanya nakwangua barafu kwenye kioo cha gari ili nisionane na yule mzee wa safu ya nyuma yetu, mwenye chupa ya chai. Kumbe naye yuko magari matatu mbele, anakwangua lake. Hatukusalimiana.

Unakumbuka tulivyoapa 2003, mwaka wetu wa kwanza chuoni hapo Orono? Watoto wawili wa Tanga waliokuwa wanaijua barafu ya kwenye juisi ya ukwaju tu, tukaenda kwa sababu ndani kulikuwa na joto kuliko bweni. Hata kile kisahani cheusi wanachokipiga kwa magongo hatukukiona mpaka kipindi cha pili. Tulikuwa tunashangilia wakishangilia wenzetu. Ukaniambia, "Timu hata ifungwe kumi, hatuondoki kabla ya king'ora cha mwisho." Tulikaa hivyo miaka minne.

Msimu huu umekwisha hivi: tumeshinda 7, tumefungwa 22, sare 4. Uliotangulia, ule wa korona, tulishinda 3 na kufungwa 11. Ukiniuliza kinachoniuma, si hizo namba. Wewe ni mtu wa Coastal Union, unajua mtu anaweza kuishi na ubingwa wa 1988 mfukoni kama hirizi na bado akaamka asubuhi akaenda kazini. Kinachoniuma ni kimya. Zamani tukifungwa, watu walitukana, walipiga vioo, bendi ilipiga kwa hasira. Sasa wanafungwa watoto wetu na watu wanaulizana bei ya mafuta ya kupashia nyumba joto. Tumezoea. Na mimi nilipotoka siku ile sikuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonitisha usiku nikakosa usingizi.

Mwanangu amezaliwa 2012. Mpaka msimu huu wa 2022, huo ndio mwaka wa mwisho Maine kuingia mashindano ya kitaifa ya vyuo, tukatolewa na Minnesota Duluth raundi ya kwanza. Kwa hiyo umri wake na ukame wetu ni pacha. Siku ile alinyoosha kidole kwenye bendera zetu za ubingwa wa taifa zilizotundikwa juu, 1993 na 1999, akaniuliza kama ni miaka waliyofariki watu. Nikacheka. Halafu nikaanza kumweleza, na kadiri ninavyoeleza ndivyo ninavyosikika kama wazee wa barazani wanaosimulia Tanga ya enzi za mkonge.

Lakini si uongo, Somo! 1993 walishinda michezo 42, wakafungwa mmoja tu, na huo walifungwa na Boston University 7-6 kwenye muda wa nyongeza. Paul Kariya, mwaka wake wa kwanza chuoni, alifikisha pointi 100, mabao 25 na pasi za mabao 75. Fainali, wakiwa nyuma 4-2 dhidi ya Lake Superior State, Jim Montgomery akapachika matatu ndani ya dakika zisizotimia tano, na pasi zote tatu zimetoka kwa Kariya. Mtoto akasema, "Baba, hiyo ni katuni."

Sikumficha na la upande wa pili. Kocha Shawn Walsh alifungiwa mwaka mzima kwa kukiuka kanuni, chuo kikazuiwa mashindano ya kitaifa, kisha akarudi akabeba lile kombe la 1999 kwa kuwafunga majirani zetu New Hampshire 3-2, muda wa nyongeza. Miaka miwili baadaye saratani ya figo ikamchukua akiwa na miaka 46. Sisi tulifika tukakuta jina lake linatajwa kwa sauti ya chini, kama la marehemu mwenye nyumba.

Na ile fainali ya kwetu, Aprili 2004, sebule ya bweni, chai imepoa mikononi. Denver 1, sisi 0. Bao letu limekataliwa kwa sababu ya ncha ya kiatu cha mtu ndani ya eneo la kipa. Mwishoni wao wamebaki watatu kwa adhabu, sisi tumemtoa kipa tuko sita. Sita kwa watatu, na hatukufunga! Ulitoka nje bila koti. Nilikukuta umesimama kwenye tope la theluji unatukana kwa Kisambaa, lugha ambayo hata huijui vizuri.

Tukadhani ni mkosi wa siku moja tu. Tulirudi nusu fainali 2006 na 2007, nani angeshtuka? Lakini naamini ndipo nyumba ilipokuwa inaliwa na mchwa. Maine tuko mbali, Somo. Kijana wa miaka kumi na saba akitembezwa Boston anaona vyuo vinne kwa siku moja. Kuja kwetu ni saa nne za barabara na misonobari. Walsh aliweza kumfanya kijana aone misonobari ile ni ufalme. Waliofuata walifundisha vizuri, sina neno, ila kusajili ni kipaji kingine. Wakati sisi tunahesabu miaka, ligi yetu hiyohiyo imetoa mabingwa wa taifa Boston College, Boston University, Providence, na mwaka jana UMass, Chuo Kikuu cha Massachusetts.

Hao UMass ndio walioniharibia usingizi kabisa. Msimu wa 2016-17 walishinda 5, wakafungwa 29. Vichekesho vya ligi. Miaka minne baadaye wamebeba kombe! Na mmoja wa makocha wasaidizi waliofanya kazi ile, Ben Barr, ndiye huyu tuliyepewa Mei iliyopita, mwezi mmoja baada ya kocha wetu Red Gendron kufariki ghafla. Mungu amrehemu Gendron. Alikuwa msaidizi kwenye kikosi cha 1993, na 2020 alikuwa ametufikisha pazuri akiwa na kipa Jeremy Swayman, korona ikafunga msimu siku chache kabla ya mtoano. Mwaka pekee uliokuwa na ladha, na tukanyang'anywa sahani.

Kazini nina jamaa mmoja wa Bukavu, ananicheka kila Jumatatu. Ananiambia niwaachie wazungu barafu yao, nihamie Lewiston kwenye kabumbu, vijana wa Kisomali na wa kwao wanakotamba. Ni kweli, mwaka 2015 shule yao ya sekondari ilichukua ubingwa wa jimbo. Nikamjibu kwamba timu si shati. Akasema hata shati likichanika mara ishirini na mbili mtu hulifanya tambara. Sikuwa na jibu, nikaenda kupima damu za watu.

Jana mtoto ameniuliza tiketi za msimu ujao zinaanza kuuzwa lini. Nikamuuliza, si uliona tulivyoondoka? Akasema yeye hakutaka kuondoka, ni mimi niliyemvuta, na mpaka leo hajui yule kipa wetu alimalizaje. Nikamwambia matokeo. Akasema hajauliza matokeo.

Basi nimeweka hela ya tiketi mbili kando, mama yake hajaambiwa. Ukipata mtu anayekuja huku nitumie kanga mbili nimtulize, na zile dola kumi za Denver usifikiri nimesahau. Uliweka dau kwamba tutabeba kombe kabla hatujahitimu.

Msalimie bibi.

Ni mimi Somo yako