Barua ya wazi kwa Meya wa Charleston: mabanda ya uani yaandikwe yalivyokuwa

Mheshimiwa Meya,

Pokea salamu za mgeni wako. Mimi ni Mzanzibari niishiye Marekani, na nimerudi juzi kutoka mjini kwako, jimbo la Carolina Kusini. Nakuandikia kuhusu vijumba vilivyo nyuma ya majumba makubwa, vile wanavyopangishwa watalii.

Nilichopanga mimi kilitangazwa kuwa banda la zamani la magari ya farasi. Kitanda kizuri, bustani nzuri. Kesho yake nikaenda Mtaa wa Elizabeth kuitembelea Aiken-Rhett, nyumba iliyokuwa ya gavana William Aiken, ambayo uani kwake hapajarembwa. Chini kuna jiko na mahali pa kufulia, meko pana kama mlango. Juu ndiko walikolala watumwa waliopika na kufua humo. Ukuta mrefu umeuzunguka ua wote. Niliporudi nilikopanga nikatazama upya: meko yale yale, ukuta ule ule. Nikamuuliza mwenye nyumba ni akina nani waliokuwa wakilala hapa. Akajibu, "Watumishi."

Mheshimiwa, takriban asilimia 40 ya Waafrika walioletwa kutumikishwa katika nchi hii waliingilia bandari yako. Makumbusho yaliyofunguliwa mwaka 2023 palipokuwa na gati ya Gadsden, ambako meli za watumwa zilitia nanga, yanalisema hilo waziwazi, na nawashukuru waliohangaika mpaka yakasimama. Lakini wako wageni wasiofika huko kabisa. Wanalala ndani ya historia hiyo, wanakunywa kahawa, wanaondoka bila kuambiwa.

Siombi vijumba hivyo vifungwe. Mwaka 2022 Airbnb, kampuni ya kupangisha malazi mtandaoni, ilitangaza kuyaondoa kwenye orodha yake malazi yaliyokuwa makazi ya watumwa, lakini jengo likishabadilishwa jina, nani atalitambua? Jiji lako tayari linamtaka anayepangisha wageni wa muda mfupi awe na kibali. Ongezeni sharti: kumbukumbu zikionesha kwamba watumwa waliishi humo, tangazo liseme hivyo, na mlangoni kiwekwe kibao chenye majina yao pale yanapojulikana. Mengi yamo kwenye wosia na orodha za mirathi, yameandikwa pamoja na ng'ombe na vijiko. Inauma kuyasoma hivyo, lakini yapo.

Wenye nyumba watanuna, naelewa. Kwetu soko la watumwa la Mkunazini lilifungwa mwaka 1873, na hadi leo mazungumzo juu yake huwatia watu joto. Hata hivyo, Baraza lako liliomba radhi rasmi kwa utumwa tarehe 19 Juni 2018, likiwa katika jengo lililojengwa kwa mikono ya watumwa. Radhi hiyo inastahili kufika mpaka uani.

Naomba suala hili liingizwe kwenye ajenda ya Baraza, kwenye kikao cha wazi, na wazao wa waliolala mabandani humo, Wagullah Geechee (kizazi cha Waafrika waliotumikishwa katika pwani hiyo) wakiwemo, wapewe nafasi ya kusema kabla ya wenye majumba.

Wako kwa heshima,
Mgeni kutoka Unguja